Gunia Juu ya Kiti cha Dereva

Habari ya kifo cha mama mkwe ilinikuta nimelala chali chini ya dashibodi ya gari la mteja, hapa hapa nyumbani Matisi, pembeni mwa mji wa Kitale, tochi mdomoni na waya mbili mkononi. Nasimiyu, mke wangu, alikuja akasimama karibu na miguu yangu iliyokuwa imetokeza nje ya mlango wa gari. Nilimjua kwa ndara zake, nikamnyooshea mkono anipe koleo. Hakunipa. Akasema, "Mama ameenda." Nusura niulize ameenda wapi, halafu nikakumbuka kwamba alikuwa amelazwa na kwamba hospitalini hawakuwa wametupa matumaini. Nikatoa tochi mdomoni. Nilibaki pale pale nikiangalia zile waya, na machozi yakanitiririka kuelekea masikioni, maana ndivyo anavyolia mtu aliyelala chali. Mwenye gari alikuwa ameketi kibarazani akinywa chai yetu. Alipoona miguu yangu haitikisiki aliuliza kama kazi imekwisha.

Nikiwaambia watu wa kwetu kwamba nilimlilia hivyo mtu ambaye sikuwahi kumshika mkono, hawanielewi. Mimi ni Njoroge, nimezaliwa Trans-Nzoia na watu waliotoka upande wa Mlima Kenya, na kwetu mama mkwe unamsalimia, unakula naye, hata unabishana naye ukitaka. Kwa Wabukusu, watu wa mke wangu, mambo ni mengine. Mwanamume na mama wa mkewe hawashikani mikono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja wao atapata sababu ya kuingia kwenye migomba mpaka mwenzake apite. Mgeni akiona hudhani wamegombana. Kumbe ni heshima, na jinsi mnavyopendana ndivyo mnavyozidi kukwepana. Kwa hiyo mama mkwe nilimjua kwa sauti kuliko kwa uso, na kwa gari lake kuliko vyote viwili. Nikitaka kumkumbuka sawasawa, huwa narudi kwenye mwaka mmoja tu, mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, wakati simu ya mkononi ilikuwa bado kitu cha kuazima kwa jirani.

Tulikuwa tumepanga chumba kimoja hapa Matisi, nyuma ya duka la mafuta ya taa. Kitanda ndicho kilikuwa karakana. Asubuhi Nasimiyu akishaenda kazini kwenye duka la dawa mjini, nilikunja godoro, nikatandaza gazeti juu ya mbao, nikaanza kupasua redio za watu. Chumba kilinuka risasi ya kuunganishia waya pamoja na vitunguu. Siku moja Nasimiyu alikuta fyuzi ndani ya ugali. Aliitoa, akaiweka kando ya sahani bila neno, akaendelea kula sukuma wiki yake, na mimi nikajifanya sijaona. Tulikuwa na furaha ya namna ile ambayo mtu huitambua akishazeeka. Wakati wenyewe nilifikiri ni shida tupu.

Ni mwaka huo nilipohama kutoka redio kwenda magari. Yale yenye kompyuta ndiyo yalikuwa yanaanza kujaa Kitale, na mafundi wengi waliyaogopa. Mashine za kuyapima zilikuwa kwenye miji mikubwa, lakini fundi mmoja wa redio karibu na msikiti wa mjini alinionyesha njia ya mkato. Kwenye magari mengi ya wakati ule, chini ya boneti kulikuwa na kisanduku kidogo chenye matundu. Ukiunganisha matundu fulani mawili kwa kipande cha waya, hata kile cha kubania karatasi, taa ya injini kwenye dashibodi huanza kupepesa. Ukihesabu inavyopepesa, unajua kompyuta inalalamikia nini. Gari lisilo na kosa hupepesa mfululizo bila kupumzika. Nilipoijua siri hiyo nilitembea mjini kifua mbele kama daktari, na kipande changu cha waya mfukoni.

Kabla ya kunipeleka kwao Bumula mara ya kwanza, Nasimiyu alinifundisha sheria za ukwe akinyoosha shati langu kwa pasi ya makaa. Usiingie jikoni. Usikae kwenye kiti chochote mpaka uambiwe si cha mama. Ukisikia sauti yake, usigeuke. Nilidhani ananitania. Tulipofika, nilikaribishwa sebuleni na baba yake mdogo, Mzee Wanyama, ambaye ndiye alikuwa msemaji wa boma tangu baba mkwe alipofariki. Mlango wa nyuma ulitazamana na jiko la nje. Nikiwa nimetulia, nilisikia sauti nene ya mwanamke ikisema, "Wewe kuku, mwambie mgeni ati chai iko. Na asiogope mlenda, haiumi mutu." Nikamwangalia Mzee Wanyama. Akanieleza, kana kwamba ni jambo la kawaida kabisa, "Anaongea na kuku. Wewe usijibu. Kunywa chai." Ndivyo alivyoongea nami miaka yote iliyofuata. Nikiwa karibu, neno lililonihusu aliambiwa kuku, au sufuria, au ukuta, na mimi nilijibu kwa kumwambia Nasimiyu kwa sauti ya kutosha kufika jikoni. Mrenda wenyewe, ile mboga yao ya kuteleza, ulinishinda siku hiyo. Ulinifuata kutoka sahani hadi kidevu, na jikoni watu walicheka sana.

Mama mkwe, ambaye wote walimwita Mama Wekesa, alikuwa mshonaji wa sare za shule. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza, na alipeleka sare Bungoma mjini, Webuye, hadi shule za huko Matulo. Mumewe alimwachia gari, station wagon ya rangi ya maziwa, na baada ya matanga alifanya jambo lililowashangaza wengi. Alijifunza kuliendesha. Kwa muda mambo yalikwenda sawa. Halafu gari likaanza kumzimikia barabarani, bila dalili, bila moshi, likakohoa mara moja na kunyamaza. Ajabu ni kwamba lilimzimikia yeye peke yake. Kila fundi aliyeitwa alimwambia, "Mama, hebu toka nijaribu," akaketi yeye, akawasha, gari likawaka, akazunguka nalo mpaka sokoni na kurudi akipiga honi. Mzee Wanyama naye aliendesha, halikuzima. Basi watu wakaanza kusema, kwanza kwa chini, halafu hadharani, kwamba gari halina ubaya. Marehemu ndiye hataki mkewe akalie kiti chake.

Mzee Wanyama hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lijulikane. Aliogopa siku moja litamzimikia shemeji yake mbele ya lori la miwa. Alitaka gari liuzwe, inunuliwe ng'ombe, na yaishe. Lakini nilimsikia mama mwenyewe siku moja akiongea na Nasimiyu jikoni, akidhani mimi nimetoka kwenda kuoga. Alisema polepole, kwa ile sauti nene, "Labda baba yako amenikasirikia. Labda kuna kitu nilimukosea na hakuniambia. Mimi naweza kubeba nguo na kichwa, hiyo si shida. Rakini kumukosea na asiniambie, hiyo ndio inaniuma." Nilisikia kijiko cha Nasimiyu kikikwaruza sufuria muda mrefu. Nilikuwa nimeshika taulo na sabuni, na pale pale nikaapa kwamba gari lile nitalitengeneza hata kama itabidi nilipasue kama redio.

Jumamosi iliyofuata nilianza kazi chini ya mti wa parachichi, nyuma ya nyumba. Nasimiyu alikataa nikalie kiti cha dereva hivi hivi. "Si hapo ndio mama hukaa?" Alileta gunia tupu, akalitandika juu ya kiti kama shuka, na tangu siku hiyo sikuwahi kuingia kwenye gari lile bila gunia. Nilipima betri, nilisafisha ncha za waya, nilinusa kila fyuzi. Nilitoa kipande changu cha waya kwa mbwembwe, majirani wakiangalia, nikaunganisha matundu. Taa ikapepesa mfululizo bila kupumzika. Kompyuta ilikuwa inasema haina kosa lolote. Mzee Wanyama aliponiuliza maana yake nikamwambia ukweli, naye akatikisa kichwa na kusema, "Umeona sasa. Hata computer inajua gari ni mzima." Nilitamani kuimeza ile waya.

Nilirudi Bumula wikendi nyingi mwaka huo, na kila mara nilikuta hadithi ile ile. Shida yangu kubwa, naiona vizuri sasa, ilikuwa moja. Kazi ya umeme wa gari huanza kwa kumhoji dereva. Ulikuwa unapanda kilima? Ulikuwa umewasha taa? Ulisikia nini kabla halijazima? Mimi dereva wangu sikuweza kumhoji. Nilimuuliza Nasimiyu, Nasimiyu akaenda jikoni, na majibu yalirudi yamesafishwa kwa heshima mpaka hayana ladha. "Mama anasema linazima kidogo." Kidogo vipi? "Anasema usijisumbue, umechoka, kunywa chai." Mama hakutaka kumlemea mkwe, mke wangu hakutaka kumuudhi mama, na mimi sikutaka kuonekana nimekosa adabu. Adabu yetu sote ilikuwa imelifunika kosa vizuri sana. Na hata kama ningemhoji, haingesaidia. Nilihitaji kuwa ndani ya gari akiwa ameshika usukani, na hilo ndilo jambo moja ambalo mila ilikataa kabisa.

Wazo lilinijia Matisi, nikimwangalia Nasimiyu akipaka rangi ya kucha siku ya harusi ya rafiki yake. Injini hutaka vitu viwili, cheche na mafuta, na vyote viwili kwenye gari lile vililetwa na umeme. Nikachukua balbu mbili ndogo. Moja nikaipaka rangi ile ya kucha ikawa nyekundu, ya pili nikaiacha nyeupe. Nasimiyu alinung'unika kwamba nimemaliza chupa. Bumula nilivuta waya ndefu kutoka upande wa cheche hadi kwenye balbu nyekundu, na kutoka kwenye waya ya pampu ya mafuta hadi kwenye nyeupe, nikazibandika zote kwa utepe wa gundi kwenye kioo cha nyuma. Gari likizima, ile itakayotangulia kufa itaniambia pa kutafuta. Sikuhitaji kuwa ndani. Nilihitaji kuwa nyuma tu, mahali panapomfaa mkwe.

Basi mama akaendesha, Nasimiyu kando yake, na mimi nikafuata kwa baiskeli ya kuazima. Hakuna siku Bumula ilicheka kama siku hiyo. Mama alienda polepole ili nisiachwe, na mimi nilikanyaga kwa nguvu macho kwenye kioo, vumbi likinijaa puani, na kila tulipopita watu walisimama. "Aki mkwe anafukuza mama mkwe na baiskeli," mwanamke mmoja akasema. Vijana wa bodaboda wakanipigia makofi. "Niaje fundi, amekuibia nini?" Sikuwajibu, nilikuwa sina pumzi. Balbu zote mbili ziliwaka vizuri kwenye lami, zikawaka vizuri tukikata kona ya kanisa, na nilikuwa nimeanza kukata tamaa tulipofika kwenye tuta lililo mbele ya posho mill, kinu cha kusagia mahindi. Gari liliruka kidogo. Nyeupe ikazimika. Nyekundu ikabaki inawaka. Gari likaenda hatua chache zaidi, likakohoa, likasimama.

Nilishuka kwenye baiskeli nikasimama mbali, kama ilivyotakiwa. Ni mafuta, basi. Pampu ilikuwa imekosa umeme. Nilisubiri mama atoke na ajitenge ndipo nisogee, na nikiwa nasubiri ndipo nilipoona jambo ambalo naliona mpaka leo nikifumba macho. Mlango ulifunguka. Mguu ukatoka, halafu mkono ukashika paa, na mama, ambaye alikuwa mwanamke mkubwa, mkubwa kweli, alijiinua kutoka kwenye kiti. Ufunguo ulikuwa bado umewashwa. Hakuna mtu aliyegusa waya yoyote. Mama aliinuka tu, na balbu nyeupe ikawaka yenyewe. Niligeukia migomba haraka. Nilikuwa nimelijua kosa, na wakati huo huo nilijua kwamba katika dunia nzima hakuna mtu asiyeruhusiwa kulitaja kuliko mimi. Mkwe hazungumzii mwili wa mama mkwe. Hata kiatu chake hasemi ni kikubwa.

Siku iliyofuata, mama akiwa ameenda mazoezi ya kwaya, nilifungua kiti na kuangalia chini yake. Springi moja ilikuwa imekatika, na ncha yake ilining'inia juu kabisa ya soketi inayounganisha waya za pampu. Soketi yenyewe ilikuwa na ufa. Mtu mwembamba akiketi, springi haifiki. Mtu mzito akiketi na gari likaruka tuta, springi inashuka, inaibana soketi, vyuma vya ndani vinaachana, na pampu inakufa. Akiinuka, vinashikana tena, na fundi mwembamba akija anakuta gari zima kabisa. Ili niwe na hakika, nilimwomba Nasimiyu tunyanyue gunia la mahindi, lililojaa, tuliweke kwenye kiti cha dereva. Nikawasha ufunguo, nikatikisa kiti. Balbu nyeupe ikazimika. Tukalitoa, ikawaka. Tulikuwa tumelirudisha mara ya pili, tunahema, wakati mama alipotokea kwenye kona ya nyumba na kitabu chake cha nyimbo. Nilikimbia nikajificha nyuma ya ghala.

Kutoka pale nilisikia kila kitu. Mama akauliza, "Nasimiyu, siku hizi mahindi inaendesha gali?"

"Ni ya kupima, mama."

"Kupima nini?"

"Mume wangu anasema kiti imechoka." Hiyo ndiyo lugha tuliyokuwa tumekubaliana, kiti kimechoka.

Nilisikia akilizunguka gari polepole. Alisukuma gunia kwa mkono, nadhani, kwa sababu springi ililia. Alikuwa mshonaji, alikuwa amepima viuno vya watu maisha yake yote na hakuna mtu angemficha kitu kuhusu kipimo. Akasema, "Ni mimi." Akalisukuma gunia tena. "Ni mimi, si ndio? Nikikaa inafinya kitu. Nikitoka inaacha." Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashikilia gari, na kicheko kikageuka katikati kikawa kilio, na nilimsikia akisema, "Kwa hivyo si yeye. Nasimiyu, si yeye. Hakuwa amenikasirikia." Mimi nyuma ya ghala nilikuwa nimekaa chini kwenye maganda ya mahindi, nimeficha uso kwenye magoti. Mchana ule kuku alichinjwa, na nikaletewa firigisi peke yake kwenye sahani, heshima ya mwanamume wa nyumba.

Lakini mambo hayakuisha hapo, maana Mzee Wanyama alikuwa ameshaita wazee wa ukoo Jumapili waamue juu ya kuuza. Waliketi sebuleni baada ya kanisa, mimi nikiwa kwenye kistuli karibu na mlango, na mama jikoni. Mzee alieleza kwa utaratibu. Gari ni zima, fundi wote wamesema, computer imesema. Mwenyewe hataki. Tuuze kwa amani. Halafu akanigeukia. "Mkwe wetu, wewe umehangaika sana na hii gari. Sema vile umeona." Nikasema nimepata soketi mbovu chini ya kiti. Akauliza, bila ubaya, "Sasa kama ni soketi, mbona mimi nikiendesha haizimi? Soketi inajua mutu?" Wazee wakaguna. Nilikuwa na jibu mdomoni na sikuweza kulitoa. Nikitaja sababu, nimemvua mama nguo mbele ya ukoo. Nikinyamaza, gari linakwenda, na mama anarudi kuamini kwamba mumewe alikufa na kinyongo. Niliangalia kikombe changu. Nilikiangalia sana kile kikombe, kilikuwa na ua la bluu na mpini uliowahi kubanduka.

Ndipo sauti ikatoka jikoni. "Nyinyi kuku, sikilizeni vizuri muwaambie hao wazee. Hiyo soketi iko chini ya pahali mimi nakalia. Wanyama ni mwembamba, haiwezi kumusikia. Mimi ni muzito. Huu uzito nilipata nikizaa watoto ya hii boma na kupikia hao wazee wote kila matanga. Bwanangu hakuwahi kulalamika juu yake akiwa hai. Sasa amekufa ndio ataanza?" Mzee mmoja wa pembeni, aliyekuwa hajasema kitu tangu maombi, akaanza kucheka kwa kifua, na wengine wakafuata, hata Mzee Wanyama. Akasema basi na aonyeshwe. Tukatoka wote kwenda chini ya mti. Mama alikuja kutoka upande wa jiko, na mimi nikageukia migomba. Kwa hiyo sikuiona ile kazi yangu ikithibitishwa. Nilisikia tu mlango, halafu kiti, halafu gari likitikiswa, halafu wazee wakisema "eee" kwa pamoja balbu ilipozimika, na "eee" nyingine mama alipoinuka. Wanyama alimwomba arudie, akarudia. Niliziangalia ndizi zile, mbichi, zimejipanga vizuri, na sijawahi kuwa na fahari kama ile.

Soketi niliibadilisha nikaihamishia kwenye ubavu wa gari, mbali na kiti chochote, na springi nikaichomelea mjini. Gari halikuzima tena kwa sababu hiyo. Lilizima kwa sababu nyingine nyingi miaka iliyofuata, maana gari ni gari, na kila mara nilikwenda Bumula na mita yangu na gunia langu. Mama alikuwa amejifunza. Sasa aliwaambia kuku kila kitu bila kuficha: lilikohoa wapi, taa gani ilikuwa imewaka, alikuwa amekanyaga nini. Hakuna mteja aliyewahi kunipa maelezo mazuri kama yale. Mabinti zangu walipozaliwa walidhani bibi yao ana urafiki mkubwa na kuku. Lakini hatukuwahi kushikana mkono. Kuna watu ambao baada ya miaka huleta zawadi, wazee wakakaa, na ile haya ikaondolewa. Sisi tulikuwa tunaahirisha, mara mvua, mara karo, mara mtu ameugua, na nadhani pia tulikuwa tumezoea kupendana kupitia ukuta.

Tulimtoa hospitalini Kitale kwenda Bumula siku ya jua kali. Katika msafara nilikaa nyuma kabisa ya jeneza, na tulipopita posho mill, ambayo sasa ni duka la simu, niliona tuta bado lipo. Baada ya mazishi, siku ya wafiwa kunyoa nywele, watu wa boma waliketi na maneno ya marehemu yakasemwa. Shamba hivi, cherehani kwa mjukuu fulani. Lile gari la rangi ya maziwa lilikuwa bado lipo chini ya mti wa parachichi, na vumbi la maua juu ya boneti. Nasimiyu alisimama, nywele zake zimenyolewa, uso umevimba kwa kulia, akaja mpaka nilipokaa akanipa ufunguo. Akasema mama alimwambia maneno hayo hospitalini, akamrudisha kutoka mlangoni ayarudie ili ahakikishe ameyashika. "Alisema, mwambie mkwe wangu gari ni yake. Na akikaa, akae bila gunia."

Nilikwenda peke yangu. Gunia lilikuwepo, limekunjwa juu ya kiti kama nilivyoliacha mara ya mwisho. Nililitoa nikaliweka kwenye nyasi. Kiti kilikuwa na bonde, la upana wake. Niliketi, nikazama humo, na nilikuwa mdogo sana ndani yake. Nikawasha ufunguo na nikasikia pampu ikinguruma nyuma. Nje, karibu na gurudumu, kuku mmoja alikuwa anaparua majani makavu. Nikashusha kioo. Nikamwambia amwambie mama nimekaa.